Lile deni la kinga wanalosema watoto wetu wanalo

Kuna hoja bado inazunguka kwenye magrupu, kwamba kuwafungia watoto ndani kipindi cha korona ndo kuliwaharibia kinga na ndo maana baadae wodi za watoto zikajaa vifua. Wanaiita deni la kinga. Nilikuwa naikataa kabisa, siku hizi nakubali nusu yake.

Chukua Australia Magharibi. Majira ya baridi ya 2020 kirusi cha RSV, hiki kinachobana sana vifua vya watoto wachanga, kilishuka kwa asilimia 98 kwenye vipimo vya watoto ukilinganisha na miaka ya nyuma, homa ya mafua nayo ikashuka zaidi ya 99, na hapo shule zilikuwa zimeshafunguliwa, kilichobaki kimefungwa ni mipaka. Alafu kufika mwisho wa mwaka, yani kiangazi, wakati ambao kwao RSV huwa adimu, ikalipuka. New Zealand yakawakuta 2021. Marekani mwishoni mwa 2022 hospitali za watoto zikaelemewa mpaka vitanda vikawa vya kugombania. Kwahiyo wenye hoja hii hawajaiokota barabarani.

Ila tuangalie nani aliugua. Kwenye ule mlipuko wa Australia Magharibi umri wa katikati wa wagonjwa ulikuwa kama miezi 18, wakati miaka ya nyuma ulikuwa haufiki 13. Kwangu hilo ni kubwa sana, maana mirija ya hewa ya mtoto wa miezi miwili ni myembamba mno, makamasi kidogo tu yanaziba.

Mwaka 2021 nililala wodini na dada yangu, mwanae ana wiki kumi. Mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi, pua zinatanuka, akipewa ziwa ananyonya mara mbili anaachia ili apumue. Ikabidi maziwa yakamuliwe kwenye kikombe apewe kwa mpira wa puani, na dada analia anaona kama anamnyima mwanae. Dawa ya kuua hicho kirusi inayotumika kawaida hakuna, antibayotiki haikigusi, kinachomvusha mtoto ni oksijeni, maziwa na muda. Mtu aliyeona hivyo hawezi kuniambia eti bora mtoto augue mapema akomae, kuchelewa mwaka mmoja tu kunaweza kuwa ndo uhai wenyewe.

Na hili la kinga kulala kwa kukosa mazoezi silikubali. Virusi vya mafua ya kawaida, hivi vya makamasi tu na sio ile homa ya mafua, havikupotea muda wote ule, inadhaniwa ni kwa sababu havina lile ganda la mafuta ambalo sabuni na sanitaiza vinaliyeyusha, watoto waliendelea kuchuruzika makamasi kama kawaida, sasa kinga ingelalaje? Nusu ninayoikubali ni kwamba watoto wengi walirundikana bila kuwahi kukutana na RSV, na mama zao nao walikaa mwaka au miwili bila kuipata, sasa mama akikaa hivyo kinga anayompitishia mtoto tumboni inapungua. Deni lipo, ila sehemu yake iko kwa mama, na huyo hatumtaji kabisa tukibishana.

Huku kwetu kufungia mtoto ndani kungesaidia kiasi tu. Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti walifuatilia kaya na kukuta wachanga wanaoambukizwa ndani ya nyumba wengi wameletewa RSV na kaka na dada zao. Utamtenga nani kwenye chumba kimoja cha watu sita? Na mwaka 2019 RSV ilikadiriwa kuua watoto zaidi ya laki moja wa chini ya miaka 5 duniani, zaidi ya asilimia 95 wakiwa nchi za kipato cha chini na cha kati, huko ambako mtungi wa oksijeni unaweza kuwa mmoja na wanaousubiri ni wanne.

Kwahiyo mi nisingepoteza nguvu kubishana kama walikosea kufunga. Chanjo ya mjamzito inayompa mtoto kinga ya RSV kabla hajazaliwa ipo tangu 2023, WHO nao wakaipitisha 2025. Swali ninalotaka liulizwe kliniki ya wajawazito ni moja, itatufikia lini, na kwa bei gani.