Mizani Inayoomba Paswadi

Naomba mtu mmoja aniambie, taratibu, bila matusi: mizani inataka intaneti ya nini?

Kazi ya mizani naijua tangu utotoni. Unapanda, mshale unatetemeka, unatulia, unashuka umenuna. Yamekwisha. Hata leo ukishuka mjini Nairobi, pale maeneo ya Archives, utampata jamaa amekaa kando ya njia na mizani yake. Unampa shilingi zake ishirini, anainama, anazitangaza kilo zako kwa sauti inayofika stejini, mnaachana kwa amani. Hajawahi kuniuliza barua pepe yangu. Hajawahi kuniambia, "Pole mzee, leo sikupimi, mtandao umelala."

Sasa hii yangu ya bafuni ina akili. Si mimi nisemaye, ni kasha lake. Mama Junior aliiagiza mtandaoni baada ya daktari kunitazama kuanzia juu, akafika katikati, akakaa hapo. Ni kipande cha kioo cheusi kinachong'aa, kizuri hata unaona haya kukikanyaga na miguu iliyotoka kwenye viatu vya kazi. Na kinachoniudhi kuliko yote ni kwamba ukikipanda kinakwambia kilo zako papo hapo. 89. Kimeshajua. Nimeshajua. Mama Junior aliyesimama mlangoni mikono kiunoni ameshajua. Ambaye hajajua ni nani? Kompyuta fulani huko ng'ambo, ambayo mimi na yeye hatudaiani.

"Haijaunganishwa na waifai," Mama Junior akasema.

"Si imesema 89?"

"Imesema, lakini haitakumbuka."

"Basi ina adabu."

"Baba Junior, mwezi ujao utakuja kuniambia ulianzia 85."

Mwanamke huyu amekaa nami muda mrefu mno.

Nikapakua programu. Kabla ya kuniunganisha na mizani iliyokuwa hatua mbili kutoka nilipoketi, ikataka jina, barua pepe, tarehe ya kuzaliwa, urefu, na lengo langu. Nikaandika kwamba lengo langu ni kuunganisha mizani. Ikakataa, ikataka kilo. Halafu ikaomba ruhusa ya kujua mahali nilipo. Niko wapi? Niko juu yako!

Junior, ambaye yuko kidato cha pili na kwa hiyo hakuna asichokijua, akanieleza kwa ile subira wanayowawekea wazee. Simu za Android za kabla ya toleo la 12 haziruhusu programu itafute vifaa vya blutuuthi bila kupewa ruhusa ya mahali, kwa sababu vifaa vilivyo karibu nawe vinaweza kufichua ulipo. Simu yangu ni ya kabla ya hapo sana. Nikabofya "Ruhusu". Siku hizi mtu anaruhusu mambo kwa siku moja kuliko chifu kwa mwaka mzima.

Tukafika kwenye paswadi. Ya nyumba hii iliwekwa na kijana aliyekuja kufunga waifai, na naamini asubuhi hiyo alikuwa amegombana na mtu. Ina herufi kubwa, herufi ndogo, alama ya dola, na duara ambalo nusu ya familia inasema ni O na nusu inasema ni sifuri. Imebandikwa chini ya ruta, kwa hiyo kuisoma lazima uibinue, na ukiibinua waya unachomoka. Nikaiandika. Mizani ikafikiri. Kitaa kikapepesa, kikapepesa, mpaka nikaanza kukionea huruma.

"Imeshindwa kuunganishwa. Hakikisha paswadi ni sahihi."

Paswadi ni sahihi! Ni ile ile ambayo simu iliyoniletea ujumbe huo ilikuwa inaitumia dakika hiyo hiyo! Nikarudia na O. Nikarudia na sifuri. Nikarudia nikitaja kila herufi kwa sauti, Junior akihakikisha, dada yake akihakikisha Junior. Kitaa kinapepesa tu.

Nikafanya kile ambacho kila Mkenya hufanya kwa kitu cha umeme kisichotii: nikaizima ruta, nikaiwasha. Ndani ya dakika hizo nyumba iliandamana. Junior alikuwa katikati ya mchezo, dadake alikuwa na kazi ya shule ambayo nilisikia ikicheka, na Mama Junior alikuwa amebakiza sehemu ya mwisho ya drama yake. Hao nimewazoea. Aliyenishangaza ni jirani wa chini, ambaye hata salamu hutoa kwa kipimo. Alipanda ngazi, akabisha hodi, akauliza kwa upole kabisa, "Jirani, waifai yetu imeenda?"

Yetu.

Hapo ndipo nilipompigia simu fundi mmoja ninayemwamini, yule wa kutengeneza televisheni huku kwetu Umoja. Hakuuliza hata swali la pili. Akasema ruta za siku hizi hutoa mawimbi ya aina mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. "Ile ya tano ni mtoto wa mjini, mzee. Ina mbio, lakini ikikutana na ukuta inakaa chini. Ya mbili nukta nne ni ya ushago, mwendo wa pole, lakini inafika." Vifaa vya nyumbani vya aina hii, mizani, balbu, soketi, vingi huwekewa chipu ya bei nafuu isiyokula umeme mwingi, na chipu hiyo inasikia 2.4 peke yake. Ruta yangu ilikuwa imeyapa mawimbi yote mawili jina moja. Simu ikajichagulia ya mbio, ikaiambia mizani njoo huku, mizani ikatazama huku ikaona giza.

Sasa niambieni, paswadi imeingiaje hapo? Si ingeandika tu, "Mzee, simu yako iko kwenye gigahezi 5, mimi siwezi"? Skrini ina nafasi. Kasha nalo lilikuwa na nafasi ya kuchora mwanamke mwembamba anayecheka peke yake juu ya mizani, jambo ambalo sijawahi kuliona katika maisha halisi. Lakini maneno "2.4 pekee" yalifichwa chini kabisa, kando ya jina la mwagizaji, kwa maandishi ya kusomwa na siafu.

Dawa kamili, fundi akasema, ni kuingia ndani ya ruta na kuyatenganisha majina. Lakini kuingia ndani ya ruta kunataka paswadi nyingine, ambayo wenye kampuni wanayo na mimi mwenye kulipa kila mwezi sina. Nikawapigia. Nikaambiwa simu yangu ni ya thamani kwao. Nikapigiwa muziki. Thamani hiyo ilipofika kiasi cha kuchemsha githeri, nikakata, nikamrudia fundi.

"Kuna njia ya mkato," akasema. "Ondoka. Nenda mbali na ruta mpaka ile ya tano ikose nguvu, simu itashika ya ushago yenyewe. Hapo ndipo uunganishe. Lakini beba na mizani, isiwe mbali na simu."

Basi mkiona mtu mzima anashuka ngazi za ploti jioni ya Julai, kaptura, kandambili, mizani ya bafuni kwapani na macho kwenye simu, msimpite mkicheka. Ana shida za kiufundi. Ghorofa ya pili, bado gigahezi 5. Ya kwanza, bado. Mtoto wa mjini huyu siku hiyo aliamua kuonyesha nguvu. Simu ilikubali tulipofika karibu na geti, na hapo nikakumbushwa sharti jingine: mizani hii hulala, na haiamki mpaka mtu aipande. Tena bila viatu, kwa sababu hupitisha umeme kidogo kwenye nyayo ili ikisie mafuta. Mafuta huuzuia, maji yaliyo kwenye misuli huupitisha. Nikavua kandambili, nikapanda juu ya kioo, getini, kwa ile baridi ya Julai inayopanda mpaka kwenye meno.

Kitaa kikapepesa. Kikatulia. "Hongera! Umeunganishwa."

Sikupata hata muda wa kushangilia. Soja alikuwa ameshavua buti.

"Nipime mzee."

Sasa utamkatalia mtu anayekufungulia geti saa sita usiku? Akapanda, 58, akasikitika, akataka kupimwa tena na koti. Mama mboga wa hapo nje akaacha sukuma wiki akaja na masharti yake: hataki kusikia namba, aambiwe tu kama amepungua. Amepungua kutoka wapi, mama? "Wewe sema tu." Nikasema amepungua. Watu wakaanza kupanga foleni. Jamaa wa boda akauliza ni pesa ngapi. Hapo keateka akatokea kutoka sijui wapi, kwa sababu bomba likipasuka haonekani, akataka kujua kama landilodi ana habari kwamba nimefungua biashara kwenye kompaundi.

Nilirudi juu na kioo changu, na kwa mara ya kwanza nikaisoma ile ripoti iliyonitesa. Kilo 89, ambazo nilikuwa nazo tangu mchana. Halafu ile hesabu ya kilo kugawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mimi nina mita 1.70, kwa hiyo 30.8, na kuanzia 30 wataalamu wana jina ambalo sitaliandika hapa. Kanuni hiyo ilianza kwa Mbelgiji wa karne ya 19, Adolphe Quetelet, mtaalamu wa hisabati na nyota. Alikuwa anatafuta binadamu wa wastani. Hakuwa ananitafuta mimi. Hata kilo yenyewe, mpaka 2019, ilitegemea kipande cha platini na iridi kilichofungiwa kwenye sefu karibu na Paris, na kwa miaka yote hiyo kipande hicho hakikumsumbua mtu na gigahezi.

Ningeishia hapo, ila mama mkwe alikuja kutoka ushago kuangaliwa macho, akalala kwetu.

Nilikolelewa mimi, mtu na mama mkwe wake husalimiana kwa mbali. Hakai kiti alichokalia, hamtaji jina. Mnaelewana kwa heshima na meza katikati. Asubuhi watoto wameenda shule, niko mezani na chai, chapati ya tatu mkononi, simu ikalia.

"Hongera, Baba Junior! Umepungua kilo 2.4!"

Mimi sijaamka kitini. Na mizani hizi, mjue, haziangalii uso. Hukisia aliyepanda kwa kulinganisha uzito: ukikaribiana na wa mtu aliyesajiliwa, inahesabu ni yeye. Nikageuza shingo polepole kuelekea bafuni. Maji yalikuwa yanamwagika.

Yesu wangu.

Kwenye mkono huu wa kulia nilikuwa nimeshika kilo za mama mkwe wangu, na nukta yake. Nikijaribu kufunga, nikafungua zaidi: asilimia ya mafuta, mifupa, umri wa mwili. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti, na hiyo ni sheria ya Bunge tu. Wazee wa kwetu bado hawajatoa yao, maana hakuna aliyewahi kufikiri jambo hili litatokea. Mbuzi wangapi hapo?

Simu ikauliza: "Je, kipimo hiki ni chako?"

Mama Junior naye arifa ilikuwa imemfikia, kwa kuwa yeye ndiye msimamizi wa akaunti yangu. Akatoka jikoni anameremeta. "Baba Junior! Kilo mbili na pointi nne! Nilijua ukijikaza utaweza!"

Mlango wa bafuni ukafunguka. Mama akatoka na leso yake kichwani, akasimama mbali kama inavyopaswa.

"Mwanangu, kile kioo cha humo ndani nimekikanyaga, kimeandika jina lako. Kwani kinasemaje?"

"Kinasema karibu, Mama," nikajibu, na chini ya meza, kwa kidole gumba, nikabofya Ndiyo.

Mama Junior akaniongezea chapati.