Jaketi okozi la mwambani: la sponji au la gesi?

Tangu Desemba 2016, anayevua samaki kwenye miamba ya halmashauri ya Randwick, mashariki mwa Sydney, sharti awe amevaa jaketi okozi. Sheria ya usalama wa uvuvi wa miambani ya jimbo la New South Wales ilipitishwa mwaka huohuo, na baada ya kipindi cha kuonywa tu, faini ikawa dola 100 za Australia. Randwick ilianza kwa sababu ya wingi wa waliokufa hapo. Halmashauri nyingine za pwani zimefuata. Ukifika Maroubra, Malabar au Little Bay, hukohuko Randwick, utaelewa kwa nini sheria iliwekwa: majukwaa mapana ya mawe, makavu kabisa kwa dakika ishirini, halafu linaingia wimbi kubwa kuliko yote yaliyotangulia na kufagia kila kilichosimama juu yake.

Waliopinga sheria walikuwa na hoja zao. Jaketi halizuii wimbi kukubeba, na mwoga akilivaa huweza kupata ujasiri wa kusimama pabaya. Hoja ya pili si ya kudharau. Lakini iliyosikika zaidi mwambani ni ya kawaida kabisa: majaketi yanakera. Yana joto, yanabana kwapa, yanakwaza mkono unaporusha chambo. Na jaketi lililobaki kwenye buti la gari halijamwokoa mtu.

Kwa hiyo suala la starehe si anasa, ni nusu ya usalama wenyewe. Ubishi sasa ni lipi bora kati ya aina mbili zinazokubalika: la sponji, au lile jembamba linalojaa gesi ya kaboni dayoksidi kutoka kwenye kimtungi kidogo.

Kwa starehe tupu, la gesi limeshinda kabla hata ya mashindano. Ni kama mikanda miwili mipana inayoshuka kutoka mabegani, kifua na mgongo vinabaki wazi, na baada ya nusu saa unasahau kwamba umelivaa. Likijaa, mengi hutoa nyutoni 150, yaani nguvu ya kuinua kilo 15 hivi, na limeumbwa kumgeuza aliyezimia alale chali, uso juu. Jaketi la sponji la daraja la 50, yaani la nyutoni 50, haliahidi hivyo. Linatoa kama kilo 5, zinazowatosha watu wazima wengi kuweka kichwa juu ya maji ilimradi wana fahamu zao. Aliyegonga kichwa akalala kifudifudi, daraja la 50 linaweza kumwacha vilevile alivyo. Huo ndio upungufu wake mkubwa, na wanaotetea sponji hawapendi kuutaja.

Ila majaketi ya gesi yalienea kwanza kwa watu wa mashua. Aliyetoka mashuani huangukia maji. Wa mwambani huangukia mawe kwanza, mara nyingi kwa mbavu au nyonga, kisha anaburutwa juu ya chaza wenye makali ya wembe ndipo aingie majini. Hapo sponji ya sentimita chache hufanya kazi ambayo hakuna daraja linaloipima: inapokea kipigo. La gesi, likiwa halijajaa, halikingi kitu; likiwa limejaa, mfuko wake wa hewa ndio unaosuguliwa kwenye chaza.

Halafu kuna namna ya kulijaza. La kuvuta kamba linamtaka mtu aliyepigwa na wimbi, pengine mkono umeteguka, akumbuke kamba iko wapi na aivute. La kujijaza lenyewe mara nyingi hutegemea kidonge au karatasi inayoyeyuka ikilowa, na mwambani kulowa ni jambo la kila saa. Rasharasha za kutosha zinaweza kulifumua begani mwako ukiwa unafunga ndoana, na kimtungi kimekwisha. Yapo yanayosubiri msukumo wa maji yenye kina, hayahadaiwi na rasharasha, lakini bei yake inapanda sana.

Jambo la tatu ni kuogelea. Aliyeanguka miambani hapaswi kung'ang'ania kurudi palepale alipoanguka, maana mawimbi yatampondaponda. Anatakiwa kujitoa nje, mbali na mawe, asubiri msaada au atafute mahali patulivu pa kutokea. Ukiwa na mfuko wa hewa umekuzunguka shingo unaweza kupiga maji chalichali tu, polepole. Ukiwa na sponji nyembamba unaogelea karibu kama kawaida. Mita 20 za kwanza ndizo zinazoamua.

Kwa hiyo kwa majukwaa ya chini, yale yanayolowa, mimi niko upande wa sponji bila kusita. Sizungumzii lile la rangi ya machungwa la kwenye boti za abiria, lenye mito miwili kifuani na kola nyuma ya shingo. Hilo likikukwaza una haki ya kulalamika. Tafuta lililokatwa kwa ajili ya wapiga kasia wa kayaki: matundu ya mikono makubwa, sponji iliyogawanywa vipande vipande ili ikunjike na mwili, mgongo mwembamba. Anayevua kwenye genge la juu, kavu, jua likiwaka, na ambaye kwa hakika asingevumilia sponji hata saa moja, namwelewa akichukua la gesi la kujijaza. Asiyejua kuogelea ana kesi yake: yeye atafute sponji ya daraja la 100 yenye kola, avumilie joto. Ingekuwa heri zaidi asisimame pale kabisa.

Dukani usilijaribu umesimama wima kama unapigwa picha ya pasipoti. Livae juu ya nguo utakazovulia, kaza mikanda yote, kisha nyanyua mikono yote miwili nyuma ya kichwa kama unayetupa mshipi mbali. Kola ikikugusa masikio, au ukingo ukikuchoma kwapa, liache. Chuchumaa kama unayechukua chambo ndooni; jaketi refu litakusukuma kidevu. Angalia pia pale kitako cha fimbo kinapoegemea tumboni samaki akivuta: bizimu ikiwa hapohapo, utaichukia siku ya kwanza. Mwisho mwambie mwenzako ashike mabega ya jaketi avute juu kwa nguvu. Likipanda hadi puani hapo dukani, majini litapanda zaidi. Mkanda wa kupita katikati ya mapaja huzuia hilo, na ndio mkanda ambao watu hukimbilia kuufungua. Kwa wengi tatizo ni kwamba wameukaza mno.

Mifuko ya mbele ni starehe nyingine yenye mtego. Kifaa kinachokupa kilo 5 za kuelea ukikijaza chubwi za risasi nusu kilo umejipunja mwenyewe. Mfukoni weka filimbi na koleo, chubwi zibaki kwenye mkoba.

Mwenye la gesi ana kazi ya ziada nyumbani. Kimtungi kinalegea chenyewe kwa mtikisiko, basi kila unapotoka kikaze kwa vidole. Uzito wake kamili umepigwa chapa kwenye chuma: kifungue, kiweke kwenye mizani ya jikoni, na kikipungua zaidi ya gramu mbili kibadilishe. Ndiyo maana anayefikiria kumpelekea ndugu yake jaketi Kilwa au Lamu ningemshauri apeleke la sponji. Vimtungi vya akiba si kitu unachokikuta kila duka la nyavu, na shirika la ndege linaweza kukuzuia navyo uwanjani.