Mzinga Wangu Unapumua

Nilipotangaza nyumbani kwamba natengeneza mzinga, mke wangu hakuinua hata macho. "Wa kumpiga nani? Watu wote wenye hela umeshawamaliza."

Siyo huo jamani. Mzinga wa hewa. Tangi la chuma, valvu, mtutu, na mpira wa tenisi uliochakaa. Unajaza hewa kwa pampu ya mguu, unabonyeza swichi, valvu inafunguka ghafla, mpira unavuka uwanja mzima na mbwa anaukimbilia. Aliyeniponza ni huyo mbwa. Bega langu limekwisha kwa kumrushia, na yeye hata jasho hatoki.

Shemeji alitaka tangi liwe la bomba la plastiki. "Si limeandikwa linahimili presha?" Linahimili presha ya maji, shemeji! Maji hayabanwi; bomba likipasuka yanamwagika, unachukua tambara, yamekwisha. Hewa iliyobanwa ni springi iliyokunjwa. Plastiki ikipasuka hapo unarushiwa vipande vikali kama vigae. Alininunia wiki nzima. Kumbukeni hilo, kwa sababu mbele huko atakuja kunilipa.

Basi nikapampu mpaka goti likawa linalia kuliko pampu. Geji ya presha ikasoma baa 4. Nikaenda kunywa maji, narudi, imeshuka kidogo. Si sana, kama robo ya baa hivi, lakini nikaitukana ile valvu matusi ambayo sitayaandika hapa. Kumbe nilikuwa nimeionea. Hewa ukiibana inapata joto, shika pampu yenyewe utaona. Ikipoa ndani ya tangi, presha inashuka bila kitu chochote kuvuja. Fundi mwenye akili anasubiri tangi lipoe, anasoma geji, ndipo anatafuta wa kumlaumu. Mimi nalaumu kwanza, kusubiri baadaye.

Nikasubiri. Saa moja baadaye geji inasoma 2. Sasa hiyo si kupoa, hiyo ni kuhama.

Na sauti nayo. Ssssss. Mchana huisikii, usiku nyumba ikitulia inakuwa kama kuna mtu anakuambia unyamaze. Mama mkwe, aliyekuja kutusalimia, alipandisha miguu juu ya kiti. "Humu ndani mna nyoka." Nikamwambia, "Hapana mama, ni mzinga tu." Hapo ndipo akaogopa kweli.

Kuvuja hewa dawa yake ya kwanza ni ile ile ya fundi pancha: maji ya sabuni. Nikachukua brashi, nikapaka kila kiungo, nikapiga magoti kuangalia. Pale pa kujazia hewa, ambapo pana valvu kama ya tairi la gari, likavimba povu moja kubwa, likang'aa, likapasuka, likaanza upya. Sindano ya ndani ilikuwa haijakaza. Robo mzunguko tu, kimya. Nikajiona profesa.

Kiungo cha pili kilikuwa kinatoa vipovu vidogo vidogo, vyeupe, vimeshikana kama mate ya kaa. Nikafungua: tepu ya thredi, ule utepe mweupe wa mafundi bomba unaozungushwa kwenye nyuzi za kiungo kisivuje, nilikuwa nimeizungusha kinyume. Ukizungusha kinyume, unavyokaza wewe ndivyo inavyofumuka yenyewe, inatoka nje imekunjamana kama soksi iliyolegea. Inatakiwa ifuate upande ule ule unaokazia, na uzi wa kwanza wa thredi uuache wazi ili mabaki ya tepu yasiingie ndani. Hilo la uzi wa kwanza nilikuwa nalijua. Ila kulijua na kulifanya, kwangu mimi, ni ndugu wasiosalimiana. Nikazungusha tepu mpya, safari hii upande sahihi, mpaka ncha kabisa. Nyingi. Kwa upendo.

Nikapaka sabuni tena. Hakuna hata povu moja. Ssssss.

Nikafikiri: kama viungo vimekauka na hewa bado inatoka, basi inapita ndani ya valvu na kutokea mdomoni mwa mtutu. Nikainama nitege sikio pale mdomoni. Nilivutwa kola nikakaa chini. "Kina hewa hicho!" mke wangu akasema. "Ukifa na hilo sikio, madeni yako nitayajibu mimi?" Alikuwa sahihi, na ndicho kinachoudhi. Mzinga ukiwa na presha huuchungulii wala huusikilizi, hata kama wewe ndiye uliyeuzaa.

Mtoto ndiye aliyetoa ufumbuzi, bila kujua. Nilikuwa nimeshaunyoosha mtutu juu, na huku mimi natafuta kitu cha kusema, yeye akavalisha puto pale mdomoni. Puto likalala, likajishtua, likaanza kuinuka polepole kama mtu anayeamka Jumapili. Dakika tatu limeshiba. Ushahidi umepatikana: valvu haifungi. Mtoto akalifunga kwa uzi, akavalisha jingine.

Valvu yenyewe ni ya umeme, ile ya kumwagilia bustani. Nikaachia hewa yote, geji ikalala sifuri, nikaachia tena kwa woga, ndipo nikafungua skrubu sita. Moja ikabiringika chini ya kabati, huko ziliko dada zake. Ndani nikakuta kiwambo cha mpira, cheusi, kizuri, na pembeni yake tundu. Dogo, kama jicho la sindano. Nikapiga kelele nyumba nzima ikaja. Nimekukamata mwizi! Nikaliziba kwa gundi, nikaliacha likauke usiku kucha, nikalala usingizi wa mshindi.

Asubuhi nikafunga kila kitu, nikapampu. Geji haikunyanyuka. Kila hewa niliyosukuma ilipita moja kwa moja, fyuuu, ikatokea mtutuni. Jana ilikuwa inavuja. Leo nimetengeneza dirisha.

Shemeji akaja akasimama nyuma yangu. Akauliza kwa upole, ule upole wa mtu anayeshinda: "Kwani kile kitundu ulikiziba, shemeji?"

Kumbe kile kitundu ndicho mlinzi. Kinapitisha hewa iende juu ya kiwambo, na hewa hiyo ya juu ndiyo inayokikandamiza kikae chini na kufunga. Ukibonyeza swichi, umeme unafungua kijinjia cha kuitoa hewa ya juu, kiwambo kinanyanyuka, mzinga unalia. Ukiziba kitundu, juu hakuna wa kukandamiza, na kiwambo kinabaki kinapepea kama pazia. Alinieleza yote hayo mara mbili. Mara ya pili sikuwa nimeomba.

Nikakaa na sindano ya kushonea, nachokonoa gundi yangu chembe kwa chembe, bila kulipanua tundu. Ndipo nikaona, pale kiwambo kinapokaa, kitu cheupe. Chembamba, kirefu kama ukucha uliokatwa. Nikakivuta kwa kidole. Tepu ya thredi. Ile niliyoizungusha kwa upendo mpaka ncha, kipande kilikatika, kikaingia ndani, kikajilaza chini ya kiwambo.

Nikafuta, nikarudisha kiwambo, nikakaza skrubu kwa kukatisha, hii halafu ya upande wa pili, ili kisikae upande. Baa 4. Ikapoa ikashuka kidogo, ikasimama. Ikalala hivyo hivyo mpaka asubuhi. Nikauelekeza mtutu uwanjani pasipo na mtu, nikabonyeza. Pwaa! Mpira ukapaa mpaka ukawa nukta. Mbwa akautazama unavyokwenda, akanitazama mimi, akaingia chini ya meza. Hajatoka.

Mtoto naye alivalisha puto lake, akasubiri, likabaki limelala. "Baba," akasema, "mbona umeuharibu?"

Kumbe walishapanga na mama yake. Sherehe ya kuzaliwa kwake ni Jumamosi, na pakiti ya maputo 50 imeshanunuliwa, kwa kuutegemea mzinga. Kwa hiyo niko hapa sebuleni, mashavu yanawaka, napuliza la kumi na saba kwa mdomo. Mzinga uko pembeni yangu. Kimya kabisa, haupumui.