Kalibresheni Mpya Kila Mara, au Kuithibitisha Iliyopo?

Katika maabara za Mombasa, mtu anayepima histamini (sumu inayojitokeza samaki anapoharibika) kwenye jodari wa kupelekwa Ulaya hukutana na swali hili kila anapofungua programu ya kromatografia, mashine inayotenganisha kemikali na kuzipima: je, mfuatano wa sampuli uanze na kalibresheni mpya, yaani kuifundisha mashine kwa miyeyusho ya kiwango kinachojulikana, au itumike iliyohifadhiwa mradi ithibitishwe?

Wanaodai mpya wana hoja nzito. Kolamu, yaani bomba linalotenganisha kemikali, huchakaa, na stima ikipotea na kiyoyozi kuzimika, joto la pwani husogeza muda wa kilele (alama ya histamini kwenye kioo) kutoka, hata programu ikakiruka na kuandika kwamba hakuna kitu. Kanuni za Umoja wa Ulaya nazo ni kali: katika sampuli 9 za shehena, wastani usizidi miligramu 100 kwa kilo, ni 2 tu zinazoruhusiwa kuwa kati ya 100 na 200, na isiwepo hata moja iliyovuka 200.

Upande wa pili huhesabu muda. Ngazi 6 za myeyusho sanifu (ule wa kiwango kinachojulikana), kila moja dakika 15, ni saa moja na nusu kabla ya samaki wa kwanza kupimwa.

Naegemea upande huu, ila si kwa ajili ya muda. Kalibresheni huamini chochote inachopewa. Kichupa ambacho mpira wa kifuniko chake umekwisha kutobolewa na sindano hupoteza kiyeyushi kwa mvuke, na myeyusho uliobaki huwa mkali kuliko lebo inavyosema. Programu ikiamriwa kuunda mchoro wa kalibresheni upya kwa kichupa hicho, majibu yote yanayofuata hushuka, na jodari aliyeharibika hupita bila onyo lolote. Kichupa hichohicho kikiwekwa kama sampuli ya ukaguzi tu, husomeka juu mno na mtu hushtuka. (Wanaojivunia uwiano wa 0.999 kati ya ngazi na mchoro, ambapo 1 ni kulingana kikamilifu, wakumbuke kwamba namba hiyo hubebwa na ngazi za juu. Ya chini yaweza kukosea sana bila namba kutetereka.)

Hata hivyo, kuthibitisha kuna masharti. Myeyusho wa ukaguzi utoke chanzo tofauti na ule wa kalibresheni, urudiwe baada ya kila sampuli 10 na mwishoni, na programu iamriwe kusimama kikomo kikivukwa. Kolamu au taa ya kitambuzi ikibadilishwa, hapo hakuna mjadala: ngazi zote 6 zirudiwe, hata kama lori la barafu linangoja nje.