Naib si naibu: Dune ikiingia Kiswahili

Dune, riwaya ya sayansi ya kubuni ya Frank Herbert, ilitoka 1965, ikachukua tuzo ya Nebula, na mwaka 1966 ikagawana tuzo ya Hugo na riwaya ya Roger Zelazny. Wafremen, wenyeji wa jangwa la sayari ya Arrakis, wanasema maneno ya Kiarabu yaliyochakazwa na maelfu ya miaka. Hapo mtafsiri wa Kiswahili anaona mteremko: shaitan ni shetani, hajj ni hija.

Wanaotaka yote yaswahilishwe wana hoja nzito. Kiswahili nacho kilipokea maneno ya Kiarabu kikayageuza kinywani. Alichokibuni Herbert, sisi tunacho tayari.

Ila kamusi iliyo mwishoni mwa kitabu inatibua mambo. Humo baraka ni mtu mtakatifu aliye hai. Mwanza, Baraka ni dereva wa bodaboda. Karama ni muujiza, na hilo linapita bila shida kwa aliyezoea mahubiri ya kilokole. Adab ni kumbukumbu inayokuvamia bila kuitwa; ukiandika adabu, msomaji anawaza fimbo. Kibaya zaidi ni naib, kiongozi aliyeapa kutotekwa akiwa hai. Stilgar ni naib wa Wafremen; andika "Naibu Stilgar", na msomaji wa Kirumba, Mwanza, atauliza waziri mwenyewe yuko wapi.

Basi tumwite mtemi? Linavutia, kwani Usukumani neno hilo lina uzito wake, na ngoma za watemi zimetunzwa Bujora, Kisesa. Lakini utemi ni wa ukoo, ilhali naib hupata cheo kwa kumwua aliyemtangulia katika pambano la ana kwa ana. Wafremen wanasubiri Paul, kijana mgeni aliye mhusika mkuu, amwue Stilgar. Paul anakataa, kwa sababu anamhitaji akiwa hai. Ukisoma "Mtemi Stilgar" huoni kwa nini watu wanasubiri damu, na fundo la sura nzima linafunguka kabla ya wakati. Neno hilo lingemkaa vizuri zaidi Leto, baba yake Paul, mtawala wa kurithi. "Mtemi Leto" inasomeka, tena kuliko "Duki", yaani Duke wa Kiingereza.

Kwa maoni yangu, shetani na hija ziandikwe kwa Kiswahili. Naib na adab zibaki na konsonanti zao mwishoni. Ulimi wa msomaji utajikwaa kidogo kila zinapotokea. Paul naye hujikwaa hivyo hivyo: ametoka Caladan, sayari ya maji tele, na anajifunza maneno ya watu wanaohesabu kila tone akiwa mgeni kama msomaji wa kando ya ziwa.