4,294,967,297: Sifa Ipi Inastahili Kutajwa?

Mtu akiombwa aieleze namba 4,294,967,297, mara nyingi huleta orodha: ni witiri, ina tarakimu kumi, jumla ya tarakimu zake ni 59, haigawanyiki kwa 3 wala kwa 11. Yote ni kweli, lakini kwa maoni yangu orodha hiyo inaeleza zaidi vazi la namba kuliko namba yenyewe, kwa kuwa jumla ya tarakimu hutokana na mazoea yetu ya kuhesabu kwa makumi. Ukiiandika kwa kizio cha mbili unapata 1, sifuri 31, kisha 1 nyingine, na hapo ndipo nasaba yake inapojulikana: ni 2³² + 1.

Katika karne ya 17 mwanahisabati Mfaransa Pierre de Fermat aliamini kwamba namba zote za ukoo huu, yaani 2 ikipandishwa kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea kwa kuzidisha mara mbili, kisha kuongezwa 1, ni tasa. Tano za mwanzo, yaani 3, 5, 17, 257 na 65,537, ni tasa kweli. Yetu ni ya sita, na mwaka 1732 mwanahisabati Mswisi Leonhard Euler alionyesha kuwa ni 641 × 6,700,417. Kwa kugawanya hovyo, mtu angekuwa na namba tasa 6,542 za kujaribu, zote zikiwa chini ya 65,536. Hata hivyo, kila kigawo tasa cha namba hii kikigawanywa kwa 64 hubakiza 1, hivyo wanaosalia kujaribiwa ni 193, 257, 449, 577, na wa tano ni 641.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba mgawanyo wenyewe hauhitajiki. Angalia kuwa 641 ni 5 × 2⁷ + 1, na papo hapo ni 5⁴ + 2⁴. Kwa hesabu ya mabaki ya 641, ambamo namba mbili huhesabiwa kuwa sawa zikibakiza baki lile lile zinapogawanywa kwa 641, usawa wa kwanza unasema 5 × 2⁷ ni sawa na −1, na tukiipandisha kwa kipeo cha nne tunapata kwamba 5⁴ × 2²⁸ ni sawa na 1. Usawa wa pili unaturuhusu kuweka −2⁴ mahali pa 5⁴, basi −2³² ni sawa na 1, maana yake 2³² + 1 inagawanyika kwa 641 bila baki.

Sifa nyingine ambayo ningeitanguliza mbele ya ile 59 ni hii: namba yetu ni 65,536² + 1², na pia ni 62,264² + 20,449². (Kwamba 20,449 nayo ni mraba wa 143, hilo nalihesabu kuwa ni sadfa.) Namba tasa haiwezi kamwe kuwa jumla ya miraba miwili kwa njia mbili tofauti, kwa hiyo anayeonyeshwa jozi hizo mbili anajua kuwa namba si tasa kabla hajakiona kigawo hata kimoja.