Pilipili Kwenye Mita 5,000

Ubaya wa kutoka Tanzania ni kwamba ukifika penye milima unabebeshwa Kilimanjaro nzima. Saa kumi alfajiri, basi dogo ndiyo kwanza linatoka Cusco, mji wa milimani huko Peru, nje giza totoro, kiongozi wetu akatutaka kila mmoja ataje jina na nchi yake. Nikasema Tanzania. Akapiga makofi. "Familia!" Ndivyo alivyotuita, ingawa hakuna aliyemjua mwenziwe. "Familia, leo tuna mtu wa Kilimanjaro!" Basi zima likageuza shingo. Mzee mmoja wa Kijerumani, amevaa buti zilizokwisha kula chumvi nyingi, akaniuliza kwa heshima nilipanda kwa njia ya Marangu au Machame.

"Machame," nikamjibu.

Mwenzangu wa Mombasa, aliyekuwa kando yangu kajizungushia kanga juu ya koti, akanipiga kumbo. "Wewe Mtanga, wacha urongo."

Mimi ni mtu wa Tanga mjini. Kilimanjaro naijua kwenye dirisha la basi la Arusha, na kila nikipita Moshi mlima umeshajifunika mawingu, naishia kuonyeshwa kwa kidole kwamba upo kule. Milima niliyopanda ni ya Lushoto, na huko nako nilipanda nimekaa, ndani ya Coaster. Peru tulikuja kwa mkutano wa kikazi Lima, mji ulio ufukweni, joto la wastani, samaki tele, hatukuwa na shida na mtu. Mkutano ulipokwisha, mwenzangu ndiye aliyeona picha ya Vinicunca kwenye simu, mlima wenye mistari myekundu, ya njano na ya kijani, wenyewe wanauita mlima wa rangi saba. Akasema hawezi kurudi Mombasa bila kuuona. Tukaruka mpaka Cusco.

Cusco iko mita 3,400 kutoka usawa wa bahari. Kwa mtu aliyezaliwa mita chache tu juu ya maji ya chumvi, hapo tayari ni mbinguni. Hotelini chumba changu kilikuwa ghorofa ya pili, na usiku ule nilipanda ngazi kwa vituo. Mapokezi waliweka birika la chai ya majani ya koka, bure, kwa wageni wanaoumwa kichwa. Mwenzangu akaionja. "Hii haina tangawizi, haina iliki, haina hata adabu," akasema, akamaliza vikombe viwili.

Basi likakata kona kwa kona mpaka kukapambazuka. Tukala mkate na mayai kwenye kijiji cha Cusipata, kisha barabara ikawa ya vumbi, na upande wangu wa dirisha ilikuwa korongo tupu. Tulipoteremka mwanzo wa njia kulikuwa na baridi ambayo Lushoto haijawahi kuifikiria. Kwenye kibanda cha vitafunwa pakiti zote za krispi zilikuwa zimevimba, zimekaza, zinataka kupasuka. Kiongozi akaichukua moja akaibonyeza. Akaeleza kwamba zimefungwa huko chini kwenye hewa nzito, na tunakokwenda mgandamizo wa hewa ni kama nusu tu ya ule wa pwani, kwa hiyo hewa iliyofungiwa ndani inatafuta pa kutokea. Nikatikisa kichwa kama mtu wa Machame.

Farasi walikuwapo wa kukodi. Mama aliyeshika kamba ya farasi wangu alivaa sketi nyekundu za tabaka, kofia pana yenye nakshi, na miguuni, Wallahi, katambuga. Viatu vya tairi, vile vile vya kwetu, kwenye ardhi yenye barafu, bila soksi. Alinitazama kuanzia tumboni mpaka miguuni, akamgeukia farasi, akamgeukia mwenziwe, wakasema maneno kwa Kikechua, lugha ya wenyeji wa huko, na kucheka sana. Nikamwomba kiongozi anifasirie. Akasema ni salamu.

Mama huyo alitembea mwendo wote kwa miguu huku akisokota sufu, na mimi niliyekaa juu ya farasi ndiye niliyehema. Tulipita alpaka, wanyama wa sufu walio jamaa ya ngamia, wanakula nyasi fupi, tukapita vijito vilivyoganda kingo. Halafu farasi akasimama. Kumbe kipande cha mwisho, kilicho mwinuko hasa, farasi hawapandi. Unateremka, unajitegemea. Nilikwenda hatua kadhaa nikasimama, hatua kadhaa nikajifanya natazama mandhari. Yule mzee Mjerumani akanipita, mikono mgongoni, anapuliza mluzi. "Machame, eh?" akasema.

Tukafika. Kibao kinasema mita 5,036. Na mbele yetu, pale zinapotakiwa kuwa rangi saba, palikuwa na wingu jeupe kutoka chini mpaka juu. Watu wametoka Japani, wametoka Brazili, wamejipanga ukingoni wanatazama ukungu. Alpaka mmoja aliyevishwa miwani ya jua alikuwa amesimama tayari kwa kupigwa picha, na ndiye peke yake aliyeonekana hana la kujutia.

Hapo ndipo nilipomwona mama mwingine ameketi na sufuria iliyofunikwa kwa blanketi. Anauza mahindi ya kuchemsha, punje zake nyeupe, pana, nne tu zinajaza kijiko, na kipande cha jibini pembeni. Nani wa Tanga atapita mahindi ya moto? Lakini mahindi bila pilipili ni chakula cha mgonjwa. Nikakumbuka kwamba ninayo.

Shangazi yangu husindika pilipili ya ukwaju. Pilipili mbuzi, ukwaju, kitunguu saumu, chumvi, basi. Aliponisikia nasafiri alinijazia kwenye chupa laini ya plastiki ya tomato, ile ya kubinya yenye mdomo mwembamba, akaifunga kwa selotepu kuzunguka shingo na kunikabidhi kwa wasia mrefu. Nilikuwa sijaifungua tangu Tanga. Nikaitoa kwenye mfuko wa koti. Chupa ilikuwa imenenepa, ubavu wote umetuna. Nikabandua selotepu kwa meno. Nikafungua kifuniko, hakikutoka kitu, kitundu kimezibwa na punje ya pilipili. Nikakiinua kwenye mwanga nione kilichoziba.

Kiliziba kwa muda tu.

Sikusikia mlio. Nilisikia moto. Pilipili yote iliyotakiwa kunitosha wiki nzima iliniingia machoni, puani, kwenye ndevu, na nyingine ikaruka mpaka kwenye kanga ya Mombasa. Nikapiga kelele iliyomaliza ile hewa kidogo niliyokuwa nayo, nikapiga magoti. Na papo hapo umati mzima ukapaza sauti: "Aaaaah!" Nikasema moyoni, watu hawa wana huruma.

Kumbe wingu limefunguka.

"Jamani fungua macho!" mwenzangu analia. "Fungua macho uone, ndio huo! Yallah, rangi zote!"

"Siwezi!"

"Jicho moja tu!"

Nilijaribu hilo moja. Niliona chungwa, lakini lilikuwa ndani ya jicho.

Kiongozi wetu ni mtu wa utu. Alipiga goti pembeni yangu, akanishika bega, akageuka mtangazaji wa mpira redioni. "Kushoto nyekundu, amigo, hiyo ni udongo wenye chuma kilichopata kutu. Sasa njano inashuka, mawe ya mchanga yenye salfa. Chini yake kijani, chuma na magnesiamu. Nyeupe ni chokaa." Akanieleza kwamba zilikuwa tabaka zilizolala chini, moja juu ya moja, mpaka milima ya Andes ilipoinuka ikazisimamisha upande, ndiyo maana zinaonekana mistari. Nilikuwa naitikia kwa kamasi.

"Na nyuma huko mlima Ausangate umejitokeza, wa theluji," akaongeza. "Unapita mita 6,300."

"Mzuri?"

"Mzuri sana, amigo. Pole."

Maji hayakusaidia kitu, yaliitandaza tu. Mtu akasema maziwa, yanatakiwa maziwa. Maziwa hayakuwapo, ila yule mama wa mahindi alikuwa na jibini. Alinilaza chali kwenye blanketi lake, akanibandika kipande kila jicho, akavikandamiza kwa dole gumba. Baridi yake, jamani. Mara nikasikia pumzi ya joto usoni na harufu ya nyasi zilizotafunwa. Alpaka wa miwani alikuwa amekuja kuona kulikoni, na foleni ya wapiga picha ikamfuata.

Nilipoweza kufumbua, kila kitu kilikuwa cheupe. Nikadhani nimepofuka. Ni wingu tu, limerudi.

Tukashuka. Mama wa farasi alinitazama macho yangu yaliyovimba, akaketi chini kabisa ili acheke vizuri, kisha akanipandisha bila kunidai nyongeza. Mzee Mjerumani alinipa kitambaa chake na hakuitaja tena Machame, jambo lililoniuma zaidi.

Usiku ule, kabla sijapata nguvu ya kujieleza, mwenzangu alikuwa amenitumia picha: mimi nimepiga magoti ukingoni, nyuma yangu mlima umewaka mistari yote, uso nimeuinua juu, macho nimeyafumba, machozi yanabubujika. Kidole changu kikateleza, ikaenda kwenye kundi la familia yangu. Ami yangu, mtu wa msikiti, akaandika kwamba MashaAllah, hayo ndiyo machozi ya mja aliyeona kazi ya Mola wake. Binamu wakafuatisha amina nyingi. Nikaacha hivyo hivyo.

Halafu shangazi akaingia. Hakuuliza habari ya mlima. Aliuliza kama pilipili ilinifaa.

Nikamwandikia: imenitoa machozi, shangazi.

Akajibu: "Na hiyo nilikupunguzia makali, kwa kuwa unakwenda ugenini."